Kubwa kwa Bei ya Ndogo

Dukani walimwita Mama Bei, na hakuna aliyekumbuka ni nani alianza. Ungemwamsha usingizini ukamuuliza pasi ya mvuke ni kiasi gani, angekutajia bei ya leo, bei ya mwaka juzi na bei ya duka la jirani, kisha angegeukia ukutani akaendelea kukoroma. Miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ile ya kioo akiuza simu, redio, feni, pasi na tableti. Vibandiko vyote vya bei viliandikwa kwa mkono wake, na mwandiko ulikuwa mzuri hata wateja wengine walidhani umechapwa na mashine.

Mtu wa namna hiyo ukimletea mshindani, atanuna. Lakini mshindani akiwa ni wifi yake, tena wifi aliyemwombea kazi kwa mdomo wake mwenyewe, kununa hakutoshi. Mama Bei aliungua taratibu, kama maharage yaliyosahauliwa jikoni, ambayo harufu yake wanaanza kuisikia majirani kabla ya mwenye chungu.

Wifi huyo alikuwa mdogo wa mumewe, kitinda mimba, binti mpole mwenye tabia ya kumtazama mtu mikono kabla ya kumtazama uso. Alipoingia dukani mwaka mmoja na nusu uliopita alikuwa hajui hata chaja inajaribiwaje. Mama Bei alimfundisha kila kitu: kufungua boksi bila kulichana, kufuta kioo bila kuacha alama, kumtambua mteja wa kweli na yule aliyeingia kukwepa jua. Na sasa mwanafunzi alikuwa anauza tableti mbili kila mwalimu anapouza moja. Tena zilikuwa ndogo, zile za kuenea kiganjani. Kubwa zilikaa rafuni zikila vumbi, na Mama Bei alizipangusa kila asubuhi kwa nguvu kuliko vumbi lenyewe lilivyohitaji.

Jumatatu moja kabla ya kufungua mlango, Bosi aliwaita wote wawili. Bosi alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na hakupenda kompyuta. Mauzo alitaka yaandikwe kwa vistari kwenye ubao mweupe nyuma ya mlango wa stoo, kila aina na safu yake, ili ayaone kwa mara moja akiwa amesimama.

"Tawi jipya linafunguliwa mwezi ujao," alisema. "Nataka kuagiza tableti, na mzigo wenyewe naagiza mara moja tu. Sasa niambieni, kwa nini watu wanagombania hizi ndogo?"

"Bei," alisema Mama Bei, hata kabla swali halijatua. "Hilo nalo la kuuliza, Bosi? Mtu akiingia macho yanakwenda kwenye kibandiko. Ndogo ni nusu ya kubwa. Mfuko ndio unaochagua, mwenyewe anafuata nyuma."

"Na wewe?"

Wifi alifikiri kidogo. "Mimi naona ni ukubwa wenyewe. Yaani huo udogo. Mtu anataka kitu cha kushika kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili una kazi nyingine."

"Mkono una kazi nyingine!" Mama Bei alicheka, cheko la meno ya mbele tu. "Wifi yangu jamani. Mkono wa mtu asiye na hela una kazi moja, kujikuna."

Bosi hakucheka. Alikwenda stoo, akarudi na boksi moja lenye vumbi. "Hizi ni zile kubwa za toleo la mwaka jana, zimenijazia stoo. Kuanzia leo ziuzwe bei ile ile ya ndogo. Wiki mbili. Watu wakikimbilia kubwa, basi ni bei. Wakiendelea na ndogo, ni ukubwa. Na atakayekuwa sahihi ndiye atakayesimamia tawi. Mtu asiyejua watu wananunua kwa nini, nimpe duka afanye nini, afagie?"

Kusimamia tawi! Mama Bei alikuwa na miaka minne akiyaota hayo macho makavu. Alikwisha kukichagua kiti, alikwisha kujua ufunguo ataufunga kwenye utepe wa rangi gani. Miaka kumi na mmoja alikuwa mkubwa wa mahali pale, na mkubwa jalala, kila takataka ilitupwa kwake: wateja wenye matusi, chaja zilizorudishwa zikinuka moshi, hesabu za sikukuu wenzake wakiwa nyumbani kwao. Sasa jambo lake lilikuwa limewekwa kwenye mizani pamoja na msichana wa juzi, tena kwa swali ambalo jibu lake alilijua kama anavyolijua jina lake.

Aliandika tangazo mwenyewe, kwa wino mwekundu, herufi za kujivuna: KUBWA KWA BEI YA NDOGO. Akalibandika mlangoni, akarudi nyuma hatua tatu kulitazama. Alijiona tayari amekalia kile kiti.

Sasa, wivu wa mtu haukai kazini ukamwacha akaenda nyumbani peke yake. Jioni mume wake, fundi wa majenereta, mtu ambaye ungemnyoa ndevu upande mmoja asijue, alikaa mezani akasema, "Lakini yule mdogo wangu ana nyota ya biashara, eh? Kila ninayekutana naye ananiambia, nimeuziwa tableti na dada yako."

"Na aliyemfundisha hawamtaji?"

"Wewe si ulikuwepo siku zote," alisema mume, akaomba chumvi.

Lililomkera zaidi lilikuwa la mama mkwe. Mwaka uliopita Mama Bei alimpelekea mama mkwe wake zawadi ya tableti, kubwa kupita zote dukani, pana kama sinia ya chai. Aliifunga kwa karatasi ya maua, na ilipofunguliwa ukoo mzima ulipiga vigelegele. "Huyu ndiye mkwe!" walisema. Bei hakuitaja, na alikuwa na sababu. Toleo lile lilikuwa linaondolewa, Bosi aliliuza kwa bei ya kutupa, na wafanyakazi walipunguziwa tena juu ya kutupa. Aliichukua kwa sababu ilikuwa rahisi. Lakini nani atajua? Sinia ni sinia.

Miezi michache baadaye Wifi naye alimpa mama yake tableti, kadude kadogo ndani ya kifuko cha sufu alichokifuma mwenyewe, chenye kamba ya kuvaa shingoni. Mama mkwe alitembea nako. Alikwenda nako uani, alilala nako, aliwapigia wajukuu picha nako. Ile kubwa ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe cha mauamaua kama kitu kilichokufa. Na tangu hapo, Mama Bei akienda kusalimia, mama mkwe alikuwa akimpa kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto! Mwanamke aliyewatandika watoto wake wote kwa kosa hilo hilo. Mama Bei alikipokea, akanywa, akasema asante mama, na chai ilimkaa kifuani mpaka asubuhi. Damu ya mtu itaipenda damu yake, alijiambia. Hata ukimletea dunia nzima kwenye sinia, mwanaye akimletea kikopo, kikopo ndicho kitakachovaliwa shingoni.

Siku za majaribio zikaanza. Siku ya kwanza watu walisoma tangazo jekundu, wakastaajabu, wakaingia, wakaishika kubwa, wakaipindua huku na huku, wakasema "kweli bei ni hii hii?", kisha wakanunua ndogo.

Aliingia muuguzi akiwa bado na koti lake la kazi. Mama Bei alimwahi. "Dada, leo una bahati. Kubwa kwa bei ya ndogo."

"Nitaiweka wapi, niibebe kichwani?" alisema muuguzi. Alichukua ndogo, akaitumbukiza mfukoni mwa koti, akapiga mfuko kwa nje mara mbili, akatoa pesa. Alikuja fundi umeme akasema yeye husoma michoro akiwa juu ya ngazi, na mkono mmoja ni wa ngazi. Alikuja mama mwenye mtoto kiunoni, akashika ndogo kwa mkono uliobaki huru na hakuiachia tena. Wiki nzima waliotaka kubwa walikuwa wachache: mwalimu wa kuchora, kinyozi aliyetaka ya kutundika ukutani, na bwana mmoja aliyesema mkewe ana maneno mengi hivyo anataka skrini ya kujifichia.

Mama Bei alimchunguza wifi yake kama askari. Mwanzo alidhani anapunguza bei chini chini. Akajifanya anapangusa rafu ya karibu, masikio wazi. Hakusikia kitu. Wifi hata hakutaja bei mpaka aulizwe. Alimwekea mteja tableti mkononi, akasema, "Ishike kwanza," halafu akageuka kutafuta boksi ambalo lilikuwa mbele yake wakati wote. Akatafuta taratibu. Alipogeuka, mteja alikuwa amekwisha kuizoea mkononi. Hilo tu. Mama Bei angekuta wizi angefurahi siku hiyo, lakini alikuta uvumilivu, na uvumilivu wa mwenzako huwezi kuushtaki popote.

Kufikia Alhamisi ya wiki ya pili, vistari vya ndogo ubaoni vilikuwa mara tatu ya vile vya kubwa. Jioni hiyo Wifi alimfuata stoo akiwa ameshika mikono yake miwili pamoja, kama mtoto anayeomba.

"Wifi, kesho na keshokutwa sitakuja. Nimemwomba Bosi ruhusa, nampeleka mama hospitali."

Pilipili ilimpanda Mama Bei mpaka puani. Kwa hiyo mama mkwe anaumwa na hakuambiwa. Kwa hiyo wa kumpeleka hospitali ni huyu. Alitakiwa aulize, "Mama ana nini?" Kila mwenye ulimi angeuliza. Yeye alisema, "Haya, mnisalimie," akaendelea kuhesabu feni.

Usiku hakuwaza ugonjwa wa mama. Aliwaza siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, mwisho wa mwezi, watu wametoka kupokea mishahara, na yeye peke yake dukani. Bosi alikuwa tawini akiwasimamia wapaka rangi.

Ijumaa alifika mapema. Alizibeba tableti zote ndogo, boksi tatu, akazipeleka stoo nyuma ya maboksi matupu ya feni, akazifunika turubai. Hata ile ya maonyesho aliichomoa kwenye waya wake akaifungia kwenye droo anamowekea mkoba wake. Alipofungua mlango, mikono ilikuwa inanuka vumbi. Lakini alikuwa na furaha, nisimsingizie. Kwa mara ya kwanza katika wiki mbili alikuwa na furaha kabisa.

"Ndogo zimeisha, mama, lakini bahati yako, kubwa ni bei ile ile."

Wengi walikuwa wametoka mbali, na pesa ya mwisho wa mwezi haipendi kurudi nyumbani. Walichukua kubwa. Wengine waliondoka. Yule muuguzi alirudi, mara hii anataka ya dada yake, akaambiwa zimeisha, akaitazama kubwa, akatikisa kichwa. "Nitarudi ndogo zikija," alisema. Kwa kila kubwa iliyouzwa Mama Bei alichora kistari. Kwa wale walioondoka hakuchora kitu, maana ubao wa Bosi haukuwa na safu ya walioondoka.

Jumamosi jioni Bosi aliingia, viatu vina madoa ya rangi nyeupe, akaipita kaunta bila kuitazama, akasimama mbele ya ubao mikono kiunoni. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hizi kubwa zote ni za jana na leo?"

"Jana na leo."

"Na ndogo?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Angesema zilikuwa stoo, angesema amezisahau, angesema lolote. "Hazikuulizwa," alisema Mama Bei.

Bosi alitafakari, na kwa kuwa alikuwa mtu wa akili, akajitengenezea sababu mwenyewe. "Naelewa. Habari ya bei ilichelewa kuwafikia watu. Ilipowafika, wakamiminika. Kumbe ni bei kweli." Akampa fomu ya oda. "Nijazie wewe mwenye mwandiko. Andika kubwa tupu. Naituma Jumatatu saa nne. Na pale chini, kwenye msimamizi wa tawi, andika jina lako. Umengoja vya kutosha."

Akaliandika jina lake. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na baadaye hilo ndilo lililomtisha.

Jumapili alikwenda kwa mama mkwe. Mumewe alikuwa na jenereta la watu, hivyo alikwenda peke yake, na papai kubwa kwapani. Alijiambia anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Ukweli ni kwamba alikwenda kutangaza. Alitaka kumwona yule mama uso kwa uso atakaposema, "Mama, nimepewa tawi," aone atasema nini.

Mama mkwe alikuwa sebuleni, kadude kake shingoni. "Karibu mwanangu, karibu. Kaa, nikumiminie chai." Akamimina, akaleta kikombe. Kwa mkono wa kushoto.

Wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe kutoka katikati ya vidole mpaka nusu ya mkono.

"Mama! Umefanya nini?"

"Si mkono huu. Wameupasua kidogo hapa, kwenye mkunjo. Daktari anasema kuna mshipa ulibanwa. Mwaka na nusu sasa vidole vinakufa ganzi, mpaka mkono ukawa haushiki kitu. Kikombe chenyewe ningekishika kwa huu ningekumwagia mapajani." Alicheka kwa aibu. "Nisamehe mwanangu, nimekupa mara ngapi kwa kushoto. Nilikuwa najua unaona. Nilishindwa hata kusema."

"Lakini mbona hukutuambia?"

"Niwaambie nini? Mumeo akisikia mkono tu ataniletea madaktari kumi, na wewe una kazi zako. Huyu wa mwisho aliona mwenyewe. Siku moja ananitazama nikifunga kitenge, akaniambia, mama, mkono wako wa kulia unauficha."

Mama Bei alikumbuka ziara zake zote za mwaka ule. Alikumbuka alivyokitazama kikombe kila mara, na mkono unaokileta, na jinsi ambavyo hakuwahi kuutazama ule mwingine uliobaki mapajani.

"Na kwa kuwa leo ni siku ya kuungama," alisema mama mkwe, "njoo." Akaenda kabatini, akavuta kitambaa cheupe. Tableti ile kubwa ilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe. "Siku ya pili tu iliniponyoka. Ilikuwa nzito, mkono ukakataa. Nikaifunika. Nilisema mkwe wangu akijua nimevunja zawadi yake kubwa namna ile ataona nimemdharau. Nimeipangusa kila wiki, mwanangu. Kitambaa hicho mimi ndiye ninayekifua."

Mama Bei hakujua atazame wapi. Akaitazama ile ndogo shingoni, kwa sababu macho yalihitaji pa kwenda. "Na hii unaiweza?"

"Hii hata kwa vidole vitatu. Hebu itoe, mimi kifuko kinanisumbua."

Akaitoa kwenye sufu. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona ikiwa uchi, na hakuhitaji kuambiwa kitu. Ukingo wa rangi ya shaba, mgongo wa chuma. Ndogo za aina hiyo zilikuja mbili tu, zikakaa kwenye kabati la kufuli karibu na meza ya Bosi. Moja iliuzwa siku ambayo Mama Bei alikuwa na ruhusa, na alijiuliza mwezi mzima ni kichaa gani aliyelipa hela ile kwa kidude cha kiganjani. Bei ilimjia kichwani yenyewe, kama zilivyomjia bei zote. Ilikuwa mara nne ya ile sinia yake yenye ufa.

"Mama, hii ni ghali."

"Najua," alisema mama mkwe kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu. "Alikatwa mshahara nusu mwaka. Akaniambia, mama, wifi akiuliza sema ni ile ya bei rahisi, asije akajisikia vibaya. Sasa wewe usinichongee."

Wakati huo mlango wa uani ulifunguka, na Wifi akaingia na mfuko wa dawa. Alimwona, akaenda moja kwa moja akamkumbatia.

"Hongera wifi! Bosi alinipigia. Unastahili, kweli kabisa." Hapakuwa na chembe ya unafiki usoni mwake, na Mama Bei aliitafuta kwa bidii. Kisha Wifi akakaa, akaanza kupanga vidonge mezani, na katikati ya kupanga akauliza, taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe, "Lakini kweli ndogo hazikuulizwa hata moja? Siku mbili nzima?"

Mama Bei aliinua kikombe akanywa chai iliyokwisha kupoa.

"Basi mimi sijui biashara," alisema Wifi. "Nilikuwa nafikiria mkono wa mama. Nikadhani kila anayeingia ana mkono wake wa namna hiyo, wenye kazi au wenye maumivu. Kumbe nilikuwa nawaona watu wote kama mama. Afadhali wewe umepewa tawi, ningempotezea Bosi mzigo wake."

Ningependa kusema kwamba hapo wivu ulimtoka Mama Bei kama pepo. Haukumtoka. Ulimzidi. Alimwonea wifi yake wivu kwa ile tableti ya shaba, kwa kuuona mkono uliofichwa, kwa ule uongo mdogo wa kumlinda yeye asijisikie vibaya. Alimwonea wivu hata kwa kumwamini. Aliaga mapema, akasema ana nguo za kupiga pasi. Njia nzima ya kurudi alitafuta kosa lolote la yule binti, moja tu la kumtuliza, na alipofika mlangoni kwake alikuwa bado hajalipata.

Jumatatu saa moja na nusu Wifi alipoingia dukani aliwakuta Bosi na Mama Bei wamesimama kwenye kaunta. Juu ya kioo kulikuwa na boksi tatu za tableti ndogo, zimejaa, na vumbi la stoo juu yake. Kando yake kulikuwa na ile ya maonyesho. Turubai lilikuwa sakafuni.

"Walioondoka Ijumaa ni kumi na wanane," Mama Bei alikuwa anasema. "Jumamosi sikuwahesabu. Wote waliuliza ndogo. Niliwaambia zimeisha."

Bosi aliyatazama maboksi, akamtazama yeye, akayatazama maboksi tena. Sauti yake nyembamba ilizidi kuwa nyembamba. "Miaka kumi na mmoja," alisema. "Saa nne ningetuma oda ya kubwa tupu. Unajua ungenifanya nini?"

"Najua."

"Kwa hiyo jibu ni lipi? Maana sasa sijui nimwamini nani. Watu wananunua ukubwa au wananunua bei?"

Wifi alikuwa bado mlangoni na mkoba begani, mkono mdomoni. Mama Bei hakumtazama. Angemtazama asingeweza kusema.

"Ukubwa," alisema. "Anayepima kwa bei hapa ndani ni mimi peke yangu."

Bosi hakumpa pole, wala hakumfukuza. Alimsukumia fomu ya oda na kalamu. "Isahihishe," alisema.

Alikata mstari kwenye kubwa, akaandika ndogo na idadi yake. Kisha akashuka chini kwenye msimamizi wa tawi. Akalikata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka. Ndani mwake mlikuwa na sauti iliyosema bado inawezekana, acha nafasi wazi, mwachie Bosi aandike mwenyewe. Akaandika jina la wifi yake, herufi moja baada ya nyingine, kwa mwandiko ule ule mzuri ambao watu hudhani umechapwa.